Tangi la Lita Mia na Ishirini

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita mliniacha nyuma ya pazia la zahanati ya meno, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikimchungulia mke wangu akicheka na mwanamume aliyelowa mkono mpaka begani. Wengine mmenitumia ujumbe wa pole. Wengine mmeniita mpumbavu. Wote nimewasoma.

Kwa aliyekosa: mimi ni fundi vioo, na kazini wananiita Milimita kwa sababu sikati kioo kabla ya kukipima mara tatu. Mke wangu yuko mapokezi pale zahanati. Kwa miezi miwili mfululizo alikuwa akirudi nyumbani kila Jumanne na tabasamu ambalo Jumatatu hana, nami nikaamua kulifuata tabasamu hilo mpaka linakotoka.

Basi, pazia likavutwa. Aliyelivuta ni mke wangu mwenyewe.

Nilijiandaa kwa kelele. Mke wangu akanitazama, akakitazama kiatu, akasema, "Maadamu umeshafika, shika hii ndoo."

Nikashika ndoo. Ndivyo nilivyokutana na mtu aliyekuwa akinikosesha raha: mtaalamu wa samaki, anayekuja kila Jumanne kusafisha tangi la pale mapokezi. Mrefu, mpole, mikono ya shati imekunjwa. Alinipa mkono uliolowa, akasema, "Shemeji, karibu."

Shemeji. Kiatu sijamaliza kuvaa, nimeshakuwa shemeji.

Nikajua yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Jioni ile ile mke wangu akafungua daftari juu ya meza ya chakula.

"Nataka tangi la samaki hapa nyumbani," akasema. "Pale ukutani, chini ya saa. Nimeweka akiba miezi minane. Ninazo laki tatu na nusu."

"Miezi minane unaweka akiba na mimi sijui?"

"Ungejua, ungenunua mashine nyingine ya kukatia vioo."

Akanisogezea daftari. Bajeti ilikuwa imepangwa mstari kwa mstari, kila kitu na bei yake pembeni. Nikasoma mistari miwili, nikasimama.

"Huu si mwandiko wako."

"Kaniandikia mtaalamu. Nilimpa bei za madukani, yeye akapanga kipi kinunuliwe kwanza."

Herufi za duara, zimelala upande mmoja, nzuri kupita kiasi kwa mtu anayeshinda mikono ndani ya maji. Mwandiko wangu mimi unajulikana. Hata mimi mwenyewe huwa naurudia kuusoma.

"Hita elfu thelathini," nikasoma. "Hita ya nini? Samaki wanasikia baridi?"

"Amesema maji yakipoa wanaumwa."

"Na vipimo vya maji? Maji si maji tu?"

"Amesema kuna sumu usiyoiona kwa macho. Amesema taa iwake saa nane tu kwa siku. Amesema changarawe ioshwe mpaka maji yatoke meupe."

Nilianza kuhesabu. Tulipofika kwenye mimea, "amesema" zilikuwa zimefika kumi na tisa. Katika miaka sita ya ndoa sikumbuki kama mimi nimewahi kusema mambo kumi na tisa akayashika yote.

"Halafu," akaendelea, "tangi likishajazwa, linakaa mwezi mzima bila samaki."

"Mwezi mzima tunaangalia maji?"

"Maji yanatakiwa yaive kwanza. Atakuwa anakuja kila wiki kuyapima."

"Anakuja wapi?"

"Hapa."

"Kwa bei gani?"

"Bure. Amesema hataki hela."

Mnaona wenyewe. Mtu anayetaka hela najua namna ya kukosana naye. Mtu anayekuja nyumbani kwangu kila wiki, bure, kupima maji yasiyo na samaki, huyo nikosane naye vipi?

Mke wangu alikuwa akijumlisha. Tangi laki na nusu, meza ya kulibeba elfu sitini, pampu na chujio hamsini na tano, hita, taa, changarawe, dawa na vipimo, mimea, samaki wadogo sita. Jumla laki nne na elfu thelathini. Pengo la elfu themanini. Akaweka kalamu chini.

"Basi," akasema taratibu. "Nitaweka akiba miezi miwili mingine. Kwa sasa nitakuwa nawaangalia wale wa kazini."

Wale wa kazini. Jumanne nane nyingine za mkono uliolowa.

"Lete kalamu," nikasema.

Nikaukata mstari wa kwanza. Tangi, laki na nusu, kwaheri. Juu yake nikaandika: fundi, mume, bei, sifuri.

"Kioo cha milimita nane ninacho karakana, kimebaki kwenye kazi ya ile hoteli. Wewe unalala nyumba moja na fundi vioo halafu unakwenda kununua tangi dukani?"

Alinitazama. Kwa muda mrefu hakuwa amenitazama vile, kichwa amekiinamisha upande, macho yote kwangu.

"Kweli utaliweza, Milimita?"

Tangu mwaka uanze nilikuwa "wewe" na "sikia" na "umesahau tena". Milimita ilikuwa imebaki kwa watu wa kazini. Nilifurahi, jamani, nilifurahi mpaka nikaogopa.

Tukarudia hesabu. Bila tangi, laki mbili na elfu themanini. Lakini chini kabisa mtaalamu alikuwa ameandika kitu kingine, kwa ajili ya yeyote atakayejijengea: gundi ya silikoni ya matangi, mirija miwili, elfu kumi na nane kila mmoja. Na pembeni, kwa yale maduara yake: *Ya bafuni HAPANA.*

"Hiyo tuinunue," akasema mke wangu. "Thelathini na sita. Bado itabaki thelathini na nne ya dharura." Akahesabu noti, akazikunja, akanitia mkononi. "Chukua na risiti, ninazibandika zote humu."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Yale maneno ya pembeni niliyasoma. Sitasingizia kwamba sikuyaona. Niliyasoma mara mbili, na kadiri nilivyosoma ndivyo kichwa kilivyozidi kupata moto. Miaka kumi na minne nagandisha vioo. Nimefunga madirisha ya ghorofa ya tisa, nimefunga bafu za watu wenye hela zao, na halijawahi kuvuja tone. Leo mtu wa samaki ananifundisha gundi, kwa herufi kubwa, mbele ya mke wangu.

Karakana nilikuwa na katoni nzima ya silikoni ya bafuni. Isiyo na rangi, safi, inashika kama chuma.

Mshirika wangu wa kazi tunamwita Nusu, kwa sababu kila anachokata hupungua nusu sentimita. Alinikuta nimeshagandisha pembe tatu.

"Huu mrija ni wa bafu," akasema, akiugeuza mkononi. "Una dawa ya kuzuia ukungu."

"Ndiyo uzuri wake. Samaki hawatapata ukungu."

"Na hiyo dawa haitawadhuru?"

"Nusu, wewe umewahi kufuga samaki?"

"Sijawahi."

"Basi tushike kioo."

Akashika kioo. Lile tangi lilitoka zuri, siwezi kudanganya. Pembe zimenyooka, kingo nimezisugua mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Nililijaza maji pale karakana, likakaa siku mbili bila hata kutoa jasho.

Na zile elfu thelathini na sita zikabaki mfukoni mwangu.

Jumamosi nikalileta nyumbani. Mtaalamu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti changu, anakunywa maji kwenye glasi yangu. Nilipoliinua tangi peke yangu na kuliweka juu ya meza yake, mke wangu aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mtaalamu akasimama, akalizunguka, akapiga kioo kwa ukucha, akainama kuangalia pembe.

"Shemeji, hii kazi ya dukani huioni," akasema.

Alisema kwa moyo mmoja, na hilo nalo lilinichoma. Nilitaka anione sifai ili nipate pa kushikia.

"Silikoni ulitumia ipi?"

Mke wangu alikuwa amesimama katikati yetu, anatabasamu. Tabasamu la Jumanne, siku ya Jumamosi, na limenielekea mimi.

"Ile uliyoandika," nikasema.

"Vizuri sana." Akakunja mikono ya shati.

Wakafanya kazi kwa saa mbili. Yeye anamwaga changarawe, mke wangu anapanga mawe. Yeye anatumbukiza pampu, mke wangu anashika waya. "Dada, nyanyua kidogo." "Dada, hapo hapo." Mimi nilipewa kazi ya kuleta maji. Ndoo kumi na mbili nilizihesabu moja moja, na kila nikirudi kutoka jikoni nawakuta vichwa vyao viko karibu juu ya yale maji.

"Haya," akasema akijifuta. "Sasa tusiguse. Nitapita Jumanne jioni kupima. Halafu Jumanne inayofuata. Tutakwenda hivyo mpaka mwezi uishe."

Usiku ule nilichora mpango wangu kichwani, na ulikuwa mpango rahisi. Anakuja kwa sababu samaki hawajaingia. Samaki wakiingia, hana sababu ya kuja.

Jumapili mchana nilikwenda duka la samaki upande wa pili wa mji. Nilimkuta mmoja peke yake kwenye tangi lake, mwekundu, mkia mrefu unaburuta nyuma yake kama shela. Elfu thelathini na tano. Nikatoa zile noti za gundi, risiti nikaitia mfukoni. Elfu moja iliyobaki ikawa nauli.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Nikamwambia afumbe macho. Nikafungua mfuko taratibu, nikamwachia yule samaki majini.

"Fumbua."

Alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Pasi iliunguza foronya wala hakugeuka.

"Si alisema tusubiri mwezi?" akauliza, sauti ndogo.

"Yeye alisema hivyo. Mimi nasema umeshasubiri miezi minane."

Akanigeukia, macho yamejaa. Akanikumbatia mbele ya dirisha lililo wazi, mke wangu ambaye hata kunishika mkono barabarani huona haya.

"Hela umetoa wapi?"

"Kazi ya ziada."

Ule ulikuwa uongo wa pili, nao ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza.

Akamwita yule samaki Bibi Harusi. Tulivuta viti viwili mbele ya tangi, chakula kikapoa jikoni. Aliniambia mambo ambayo sikuwa nayajua. Kwamba pale mapokezi wanaletwa watoto wanaolia kwa maumivu, watu wazima wanaotetemeka, na yeye kazi yake ni kuwaambia wasubiri. Kwamba kitu pekee kinachomtuliza kutwa nzima ni lile tangi. Kwamba alitaka na nyumbani kuwe na pa kupumzisha macho, tukae wote wawili, tusizungumzie mirija na madeni ya wateja.

"Nilidhani ungenicheka," akasema.

Kumbe tabasamu la Jumanne ni samaki. Ndiyo siku wanayosafishiwa maji, kioo kinang'aa, na yeye anaruhusiwa kuwalisha. Nilimwamini. Wivu haukutoka wote, nawaambia ukweli, lakini ulisogea ukakaa kando.

Jumatatu asubuhi Bibi Harusi alikuwa juu kabisa, mdomo unagusa hewa, anafunua na kufunga.

"Anazoea mazingira mapya," nikasema.

Jioni ile shela ilikuwa imejikunja. Mke wangu alikaa naye mpaka wakati wa kulala, kidole juu ya kioo.

Jumanne nilifunga kazi mapema. Saa kumi na moja nikiwa dirishani niliwaona wanakuja wote wawili kutoka zahanati. Mke wangu mbele, anakimbia kwa viatu vya kazi. Mtaalamu nyuma, kabeba begi lake na pochi ya mke wangu. Pochi. Samaki wangu anakufa na mimi naangalia nani kabeba pochi ya nani.

Mtaalamu hakunisalimu. Alitia mkono majini mpaka begani, akamtoa Bibi Harusi kwenye kiganja. Akamtazama kidogo, akamlaza juu ya taulo.

"Pole, dada," akasema.

Mke wangu hakulia. Alikaa chini palepale sakafuni, sare ya kazi mwilini, akawa anaangalia lile tangi tupu na taa yake inawaka.

Mtaalamu akapima maji. Akapima tena. "Samaki aliingia mapema, hilo ni kosa," akasema. "Lakini maji haya hayajafikia kuua kwa siku mbili." Akapiga magoti, akatia kichwa nyuma ya meza kukagua waya wa pampu.

Nyuma ya ile meza nilikuwa nimeacha mrija uliobaki nusu, kwamba pembe ikivuja niwe nao karibu.

Akatulia kule nyuma. Alipotoa kichwa, alikuwa nao mkononi. Una picha kubwa ya beseni la kuogea, hata asiyejua kusoma angeelewa. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Kuna nini huko?" akauliza mke wangu kutoka sakafuni.

Nilisubiri. Nilikuwa tayari hata kupigwa.

Akauviringisha mrija kwenye taulo jingine dogo, akautia kwenye begi.

"Hakuna kitu," akasema. "Dada, kosa ni langu. Gundi niliyowaandikia haikufaa. Ilibidi niichunguze kwanza."

Mke wangu akainuka polepole.

"Miezi minane," akasema.

"Najua."

"Nilikuwa nakuja kazini na chakula cha nyumbani, sinunui hata chai. Kila ulichosema nimekifuata. Mume wangu alinionya, akasema unajifanya unajua, nikakutetea wewe."

"Najua, dada."

"Ondoka kwangu."

Akachukua begi lake. Nikamsindikiza. Kwenye ngazi akasimama, akatoa lile taulo, akanipa.

"Sikukufichia wewe," akasema. "Niliona mkeo alivyokutazama Jumamosi ulipoinua lile tangi. Mimi nilimficha mke wangu kitu kidogo kuliko huu mrija, akaja kukisikia kwa watu. Huu ni mwaka wa tano naishi peke yangu. Mwambie mwenyewe."

"Lini?"

"Leo, shemeji."

Akashuka ngazi. Nikabaki nimesimama na taulo lake mkononi, na mtanicheka, lakini nilimwonea wivu hata pale. Urefu kanizidi, mwandiko kanizidi, sasa na uungwana nao kaubeba.

Nikauchomeka mrija nyuma ya suruali, nikashusha shati juu yake. Nikaingia ndani nimeshalipanga neno la kwanza. Lilikuwa "mke wangu", na baada ya hapo lingefuata lolote litakalofuata.

Alikuwa mezani, daftari wazi, kalamu mkononi. Macho makavu.

"Mke wangu," nikasema.

"Kesho asubuhi naingia kwa daktari kabla ya mgonjwa wa kwanza," akasema bila kunitazama. "Mtu asiyejua gundi ipi inaua samaki hawezi kuachiwa lile tangi la zahanati. Atafute kazi kwingine. Na gundi atanirudishia hela yangu yote."

Nikakaa.

Hebu fikirini. Hatakuja tena nyumbani. Hatakuwepo tena zahanati. Jumanne zote zimekwisha, na "amesema" hazitasikika tena humu ndani. Yote niliyokuwa nikiyaomba tangu lile pazia yalikuwa yamewekwa mezani mbele yangu, na kazi niliyobakiziwa ilikuwa kunyamaza tu.

Na mwenyewe yule mtu wakati huo yuko barabarani na begi lake, anaamini kwamba mimi humu ndani nasema.

Mke wangu akafungua ukurasa wa nyuma, palipobandikwa risiti. Ya meza. Ya pampu. Ya hita, taa, changarawe. Zote zimenyooka, kila moja na gundi yake ya karatasi. Katikati ameacha nafasi moja nyeupe.

"Nataka kumwekea daktari ushahidi kamili," akasema. "Hujanipa ya silikoni."

Mrija ulikuwa unanichoma mgongoni.

Akanyoosha mkono, kiganja wazi juu ya meza. Sauti yake ikalainika, kwa sababu kwa mawazo yake humu ndani tulikuwa wawili tuliodanganywa na mtu mmoja.

"Milimita," akasema. "Nipe risiti."

Nikatia mkono mfukoni. Risiti ilikuwa moja tu, na juu yake ilikuwa na picha ya samaki.